Kumpeleka mtoto kuvua kwa kayaki: tazama maji kwanza, likizo baadaye

Swali la msomaji: Mimi ni baba wa binti wa miaka minane, na tunakaa Mishomoroni, mwendo mfupi kutoka hori la Tudor, mkono wa bahari unaoingia bara. Nimenunua kayaki ya watu wawili, si mpya lakini nzima, na nimemwahidi mwanangu kwamba likizo ya Aprili tutakwenda kuvua pamoja. Anajua kuogelea kidogo. Mama yake hajakubali. Anasema mtoto wa umri huo haingizwi baharini ndani ya chombo cha plastiki. Je, Aprili ni wakati mzuri? Tuanzie wapi, na nifanye nini ili awe salama na asiuchukie uvuvi siku ya kwanza?

Jibu:

Ndugu yangu, mpeleke. Nimelitanguliza jibu hilo kwa sababu umeandika kama mtu anayetarajia kukatazwa. Miaka minane si midogo kwa mtoto wa Mombasa kuanza kushika mshipi. Wengi wetu tulianza kabla ya hapo, tumekaa mbele ya mtumbwi wa babu au wa mjomba. Tatizo langu ni kwamba ahadi yako umeifunga kwenye likizo, na likizo hupangwa na serikali ilhali maji hupangwa na mwezi. Katika Aprili nzima utapata vipindi viwili tu, cha siku tatu au nne kila kimoja, ambavyo maji yenyewe yanamkubali mtoto, na huenda mvua ikakunyang'anya kimoja. Ukivijua vipindi hivyo na ukavingoja, mambo mengine yote nitakayoyaeleza hapa yanakuwa mepesi. Usipovijua, hakuna jaketi la kuokoa maisha wala kayaki itakayoziba pengo hilo.

Kwa kuwa unakaa Mishomoroni, umekwisha kuona hori likijaa hadi chini ya matawi ya mikoko, kisha likabaki matope matupu saa sita baadaye. Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na ratiba hiyo huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku inayofuata. Wakati wa bamvua, yaani siku chache zinazofuata mwezi mwandamo na zile zinazofuata mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa Mombasa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, tofauti hiyo hushuka ikawa kama mita moja. Kwa anayefuata mwezi wa Kiislamu hesabu ni rahisi: tazamia bamvua kuanzia mwezi mosi hadi mwezi nne, yaani siku ya kwanza hadi ya nne tangu mwezi kuandama, na tena kuanzia mwezi 15 hadi 18, na tazamia maji mafu kuanzia mwezi 8 hadi 11, na tena kuanzia mwezi 23 hadi 25. Siku hizi jedwali la maji linapatikana hata kwenye simu, nalo litakupa dakika kamili, lakini ni vizuri binti yako ajifunze kuutazama mwezi kwanza, kwa sababu mwezi hauishiwi na chaji.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo mvuvi wa hapa hahitaji kuelezwa, lakini mgeni wa hori huwa halijui. Saa za bamvua na saa za maji mafu hazibadiliki sana mwaka mzima. Bamvua la Mombasa hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kwenye saa nne asubuhi. Maji mafu ni kinyume chake: hupwa alfajiri, kisha hujaa polepole hadi saa nne au saa tano asubuhi. Linganisha basi saa moja na nusu ya asubuhi katika siku hizo mbili, kwa sababu hiyo ndiyo saa ambayo kila mzazi hupenda kumtoa mtoto, jua likiwa bado halijakali na upepo haujaamka. Katika siku ya maji mafu, saa hiyo maji yanaingia taratibu. Ukiacha kupiga kafi, kayaki inasogea ndani ya hori, kuelekea nyumbani. Katika siku ya bamvua, saa hiyo hiyo, bahari ikiwa imetulia vilevile na ndege wakilia vilevile, maji yanatoka kwa nguvu yake yote, na ukiacha kupiga kafi unakwenda daraja la Nyali na baadaye bahari kuu.

Nguvu hiyo si sawa kwa saa zote sita. Mabaharia huyagawa maji yanayotoka katika mafungu 12: saa ya kwanza hutoka fungu moja, saa ya pili mafungu mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, na ya sita moja. Kwa hiyo saa ya tatu na ya nne peke yake huondoa nusu ya maji yote. Ikiwa maji yalijaa saa kumi alfajiri, saa hizo mbili ni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi. Ikiwa bamvua ni la mita 3, mita moja na nusu ya maji ya hori lote inapita ndani ya muda huo, yote ikibanwa kwenye mkondo mwembamba wa darajani. Mtu mzima wa kawaida, akipiga makafi peke yake katika kayaki ya watu wawili na mtoto amekaa mbele, huenda kilomita 4 au 5 kwa saa wakati hajachoka. Mkondo wa bamvua hauna kuchoka.

Ninayasema haya kwa uchungu kwa sababu nilimfundisha mpwa wangu somo hili kwa njia isiyofaa. Alikuwa na miaka tisa, nami nilikuwa kijana niliyejiona nayajua maji. Tulitoka asubuhi mapema, hori limelala kama kioo, nikatia nanga ndogo ambayo kumbe haikushika, tukaanza kuvua. Nilikuwa nimeinama namtilia chambo aliponiuliza, "Mjomba, ule mti mkubwa umekwenda wapi?" Niliinua macho nikaona mikoko ya pale tulipokuwa imebaki nyuma sana. Nilipiga makafi kurudi kwa muda mrefu nikitazama nguzo moja ufukoni, na nguzo ile haikusogea. Mwishowe tulijishika kwenye kamba ya mashua iliyofungwa hapo, tukakaa hadi maji yalipogeuka baada ya saa nne, tukiwa na chupa moja ya maji ya kunywa na jua limetuwakia kichwani. Hakuna aliyeumia. Lakini mtoto yule alikataa kupanda chombo chochote kwa mwaka mzima, na nilikuwa nimemtoa ili aipende bahari. Nanga yangu ilikuwa mbovu, ni kweli, lakini kosa lilianza usiku uliotangulia, nilipouona mwezi mpevu juu ya paa la nyumba na nisiufikirie.

Kuhusu Aprili yenyewe, una bahati na una bahati mbaya. Karibu na tarehe 21 Machi jua hupita juu ya ikweta, na majuma ya kabla na baada ya hapo huleta bamvua kubwa kupita nyingi za mwaka, sawa na zile za Septemba na Oktoba. Hizo usizikaribie. Lakini sababu hiyo hiyo inayoyakuza mabamvua hupunguza nguvu za maji mafu, kwa hiyo maji mafu ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili huwa yametulia kuliko ya miezi mingine mingi. Tena, huu ni wakati wa malelezi: upepo wa kaskazi unakwisha, ule wa kusi haujashika, na asubuhi nyingi hakuna upepo wa kutikisa jani. Hiyo ndiyo bahati. Bahati mbaya ni masika. Mvua kubwa huanza Aprili na kwa kawaida hufikia kilele Mei, na kusi huja nayo, kisha hutawala hadi Septemba; Juni hadi Agosti si miezi ya kumfundishia mtoto mdogo, hata ndani ya hori. Kwa hiyo lenga kipindi cha kwanza cha maji mafu cha likizo, usikiahirishe kwa ajili ya harusi wala safari. Kikikupita na mvua ikaanza kweli, mweleze binti yako waziwazi kwamba ahadi inahamia Oktoba au Novemba, wakati wa matlai, yaani majira kati ya kusi na kaskazi, ambapo bahari hutulia tena.

Mvua inanihangaisha kwa sababu nyingine pia. Hori la Tudor hulishwa na mito ya msimu ya Kombeni na Tsalu, na vilevile hupokea maji machafu ya mji. Jambo hilo ni la aibu kwetu sote lakini ni la kweli. Mvua kubwa inaponyesha, kila kilichokuwa kwenye mitaro hushuka horini, pamoja na magogo yanayoelea yamezama nusu. Ngoja siku tatu kavu baada ya mvua kubwa. Hata siku nzuri, mzoeze mtoto asinywe maji ya hori, asile kabla ya kunawa kwa maji safi na sabuni, na asiingie na kidonda kibichi mguuni.

Mahali pa kuanzia ni hapo hapo kwenu. Baki upande wenu wa hori, kwenye kingo za mikoko na vijito vyake, mahali ambapo kina hakipiti kimo chako na ufuko uko umbali ambao sauti yako inafika bila kupiga kelele. Weka mpaka mmoja usiovukwa: usilikaribie daraja la Nyali. Bandari ya Kale ina mkondo wake na vyombo vyake, na Kilindini ni njia ya meli kubwa na feri, hapana nafasi ya kayaki yenye mtoto. Kuna wazazi wanaopendelea maji ya ndani ya mwamba kule Nyali na Bamburi kwa sababu ni meupe na yanapendeza, lakini kumbuka kwamba sehemu ya maji yale ni hifadhi ya taifa ya bahari iliyotangazwa mwaka 1986, na ndani ya mipaka yake hairuhusiwi kuvua hata kwa mshipi wa mkono. Hifadhi ya nje inayoizunguka huruhusu uvuvi wa kienyeji, na mpaka kati ya hizo mbili haujachorwa mchangani. Usiuvuke kwa kubahatisha. Tena kule, upepo wa umande unaotoka bara alfajiri husukuma chombo kuelekea mwambani, na mtoto haoni hatari kwa sababu mgongoni kwake kumetulia.

Kabla ya siku yenyewe, nenda kwenye diko la wavuvi lililo karibu nawe, uwaamkie wazee, ukutane na viongozi wa kikundi cha usimamizi wa ufuo, kile wanachokiita BMU, uwaambie nia yako na uwaulize taratibu za leseni na za mahali. Mpeleke na binti yako akapige magoti aamkie. Si adabu tu. Watu wale ndio watakaokuona ukichelewa, ndio wanaojua kijito kipi kina nyavu zilizotegwa na kipi kina mawe yenye chaza za kukata miguu, na mashua yao itafika kwako kabla ya mtu mwingine yeyote.

Umesema anajua kuogelea kidogo. Neno hilo "kidogo" tulipime. Simhitaji aogelee mbali. Namhitaji aweze kulala chali juu ya maji, amevaa jaketi, kwa dakika tano, uso ukipigwa na maji bila kuogopa, na aweze kukusikiliza wakati huo. Jaketi liwe la sponji, lisiwe lile la kujazwa upepo, na liwe la uzito wake, si la ukubwa atakaoufikia miaka miwili ijayo. Mfunge mikanda yote, kisha umshike mabega ya jaketi umwinue: likipanda hadi masikioni, ni kubwa, na ndani ya maji litambana kidevu badala ya kumbeba. Lenye mkanda unaopita katikati ya mapaja ni bora zaidi kwa umri huo. Nawe uvae la kwako. Baba asiyevaa jaketi amemfundisha mtoto kwamba jaketi ni adhabu ya utoto, na akizama yeye, mtoto amebaki peke yake.

Kisha mpindue. Nasema hivyo bila kupunguza: jumamosi moja kabla ya safari, kwenye maji ya kifuani, pinduka naye makusudi, mara nne au tano, hadi aanze kucheka. Kayaki ya kukaa juu, ambayo nadhani ndiyo uliyonunua, haijai maji inapopinduka. Ina vitobo vya kutolea maji, na unaweza kuipindua tena na kuipanda. Ile ya kukaa ndani sikushauri kabisa kwa mtoto. Utaratibu ni huu: mkipinduka, mkono wako wa kwanza unamshika mtoto na wa pili unaishika kayaki, kafi utalitafuta baadaye. Yeye ajue kushika kamba ya ubavuni na kukujibu unapomwita jina. Mkiigeuza, yeye anapanda kwanza kutoka ubavu mmoja huku wewe ukiushikilia ubavu wa pili, analala kifudifudi katikati, kisha anakaa. Ndipo wewe unapanda kutokea nyuma. Mtoto aliyekwisha kupinduka mara tano kwa hiari yake hapigi mayowe siku atakapopinduka bila hiari. Na usimfunge kwenye kayaki kwa kamba yoyote, hata kwa nia njema. Funga kafi, funga chupa ya maji, funga ndoo, lakini mtoto asifungwe.

Kwa kuwa kayaki si mpya, iingize kwenye maji machache, ikae nusu saa ikiwa na mtu mzima juu yake, kisha ivute nje ufungue kizibo uone imevuta maji kiasi gani. Ufa mdogo chini ya kiti hauonekani kwa macho. Tazama pia uzito inaoruhusiwa kubeba. Jumlisha wako, wake na wa vitu vyote, na jumla isipite thuluthi mbili za uzito huo, kwa sababu kayaki iliyojaa hadi mwisho huelea lakini hulegea, na mtoto huinama ghafla anapohisi samaki. Akae mbele, mahali unapomwona kila sekunde.

Tuje kwenye uvuvi, maana yeye hakuahidiwa mazoezi ya kupinduka, aliahidiwa samaki. Usimnunulie fimbo. Fimbo ndani ya kayaki ni ndoana inayoruka karibu na macho mawili ya mtoto na mawili ya baba. Mpe mshipi wa mkono uliozungushwa kwenye kibao au chupa, wa unene wa milimita 0.4 hivi, chubwi dogo, yaani kile kizito cha kuzamishia mshipi, na ndoana moja ndogo, si tatu. Kile kijino cha ndoana kinachoizuia isichomoke kibonyeze kwa koleo hadi kilale; mtapoteza samaki mmoja au wawili, lakini ikiingia kidoleni itatoka bila daktari. Chubwi huwa la risasi, kwa hiyo asilibane kwa meno kama tulivyokuwa tukifanya sisi. Mfunge kipande cha kitambaa au cha mpira wa baiskeli kwenye kidole cha shahada, kwa sababu mshipi mwembamba hukata. Na asijizungushie mshipi mkononi hata siku moja. Mfundishe kuushika kwa vidole na kuuachia ukivutwa kwa nguvu kuliko zake. Wewe beba kisu kifupi mahali unapokifikia kwa mkono mmoja.

Chambo ni kamba wadogo au ngisi aliyekatwa vipande vya ukubwa wa ukucha wake. Wazazi wengi hutia chambo kikubwa kwa kutamani samaki mkubwa, na mtoto anakaa saa nzima bila kuguswa. Kwa siku ya kwanza mnatafuta kuguswa. Kwenye mchanga ulio kando ya mikoko kuna chaa, samaki mwepesi, mweupe, mwenye kudonoa haraka, naye ndiye mwalimu mzuri kuliko wote. Changu wadogo nao hupita, na kolekole mdogo akishika, binti yako atasimulia hadi Idi. Siku hiyo wewe usivue. Kazi yako ni kushikilia kafi, kutazama alama mbili ufukoni ili ujue kama mnasogea, na kutoa samaki kwenye ndoana. Ukihitaji nanga, iwe ndogo, ifungwe puani au nyuma ya kayaki, kamwe isifungwe ubavuni, na mwisho wa kamba uwe na boya ili uweze kuiachia yote kwa sekunde moja na kuifuata baadaye.

Kuna samaki watatu ambao hagusi hadi umwambie. Tafi ana miiba mgongoni na tumboni yenye sumu. Ngogo naye ana miiba ya sumu, mgongoni na kwenye mapezi ya ubavuni. Na taa, mwenye mwiba wa sumu mkiani, hulala mchangani mnapopanda na kushuka, kwa hiyo mwende kwa kuburuza miguu na kuvaa viatu. Maumivu ya miiba hiyo ni makali lakini hulegezwa na moto: kiungo kilichochomwa kitiwe ndani ya maji ya moto kadiri ya nyuzi 45, yaani ambayo mkono mzima unayavumilia, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, na mwenyewe uyapime kwa mkono wako usiochomwa ili usimwunguze. Kwa ajili hiyo mimi huacha chupa ya chai ya kuhifadhi joto ufukoni, imejaa maji ya moto. Baada ya hapo aonwe hospitali, hasa mwiba ukiwa umevunjikia ndani. Bunju ni habari nyingine: anapovuliwa hujivimbisha, na watoto humpenda kwa hilo, lakini sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Arudishwe majini, wala asifikishwe nyumbani kwa kuonyeshwa watu.

Wadogo wote warudisheni, kwa mikono iliyolowa ili magamba yasitoke. Lakini mmoja anayefaa, hata akiwa wa kiganja, abaki naye. Amkoshe mwenyewe, akaangwe, na aliwe mezani mbele ya watu wote wa nyumba.

Muda wa majini siku ya kwanza uwe saa moja, isizidi. Katika siku ya maji mafu toka saa moja na nusu, rudi saa mbili na nusu, wakati maji bado yanaingia na upepo wa mchana haujaanza. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na kati ya Machi na Aprili jua la adhuhuri huwa karibu kabisa na utosi. Avae shati la mikono mirefu na kofia yenye kamba ya kidevuni, apakwe mafuta ya kukinga jua masikioni na nyuma ya shingo, na anywe maji kila unapotia chambo. Ajabu ni kwamba mtoto huyo huyo anaweza kuona baridi, akilowa na upepo ukimpiga, kwa hiyo acha leso mbili kavu ufukoni pamoja na mahamri. Mtoto aliyekuwa akizungumza akanyamaza ghafla amechoka au ana baridi au anahitaji kujisaidia, na katika hali zote tatu mnarudi, hata kama samaki wanagusa. Na akisema mwenyewe "baba, turudi," geuza kayaki papo hapo bila kumwuliza sababu. Ukimtii mara hiyo moja, hataogopa kukwambia mara nyingine, siku ambayo sababu ni kubwa.

Nimemweka mama yake mwisho, lakini kwa haki alistahili kuwa mwanzo. Hofu yake haina kosa. Ameona chombo cha plastiki na hajaonyeshwa kingine chochote. Usimshawishi kwa maneno. Mwite kwenye mazoezi ya kupinduka, akae ufukoni amtazame binti yake akizama na kuibuka akicheka. Kisha mpe kazi ya kweli siku ya safari: yeye ndiye ashike saa. Mwandikie kwenye karatasi mnakwenda kijito kipi, mmevaa rangi gani, mnarudi saa ngapi, na namba ya kiongozi wa BMU, pamoja na 999 na 112. Nusu saa ikipita bila ninyi kuonekana, asingoje, apige. Ninyi mchukue simu ndani ya mfuko usioingia maji, na firimbi ifungwe kwenye jaketi la mtoto, si lako.

Na yeye ndiye apewe neno la mwisho asubuhi hiyo. Mkifika ufukoni, mkatazama pamoja mwezi, maji na mawingu, na akasema leo hapana, rudisheni kayaki nyumbani, mnunue samaki dikoni, na umwonyeshe binti yako kwenye kalenda siku ya maji mafu yanayofuata, kama majuma mawili kutoka hapo.